SIMBA SI MVIVU JAMANI, ANAUMWA!

Kama kwenu kuna mbwa mzee ambaye siku hizi mgeni akigonga geti anainua kichwa tu na kukirudisha chini, basi stori hii inakuhusu.

Simba tunaye hapa Tabata mwaka wa 11 sasa. Enzi zake alikuwa kiboko, vibaka walilijua geti letu. Lakini tangu masika akiamka asubuhi anatembea kama kaazima miguu, mpaka jua likolee ndio anakunjuka. Ngazi 3 za kibarazani zikamshinda. Mshua akatoa hukumu: kazeeka, apigwe sindano ya kumaliza kazi. Roho iliniuma si mchezo.

Nikajifanya daktari. Bi mkubwa ana vidonge vya diklofenaki vya mgongo wake, nikatwanga kimoja na kukichanganya na dagaa. Kabla sijamwekea, mshkaji wangu anayesomea mifugo pale SUA, Morogoro, akapiga simu kupiga soga za mpira, nami nikamchomekea habari hiyo. Alinifokea huyo! Kumbe dawa hiyo inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Na nyie wa paka, panadoli msithubutu, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kesho yake tukaenda kwa daktari wa mifugo kwa Bajaji (dereva alidai nauli ya watu wawili). Daktari akamkunja na kumkunjua miguu, akasema ni baridi yabisi ya nyonga na magoti. Ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu laini inayoteleza. Ikilika, mfupa unasugua mfupa, kiungo kinavimba. Gegedu iliyolika hairudi, ila maumivu yanapunguzwa. Tatizo mbwa halii kwa maumivu ya aina hii. Analamba goti lile lile kila saa, anakonda mapaja, na wewe unamwita mvivu. Paka yeye anaacha tu kurukia meza.

Halafu mizani ikatuumbua: kilo 34, wakati alitakiwa awe na 27! Kila kilo ya ziada inabebwa na magoti yale yale mabovu. Makoko yote ya ugali yalikuwa yanaishia kwake, na mtupaji mkuu wa ngozi za kuku ni mshua mwenyewe.

Tukapewa meloksikamu ya mifugo, inayopimwa kwa uzito wake na kutolewa na chakula. Akitapika au akinya choo cheusi, tusimamishe na kumrudisha haraka. Matembezi ni dakika 10 asubuhi na 10 jioni, si kumfungulia Jumapili akimbie mtaa mzima. Kulala kwenye sementi basi, kapata godoro kuukuu la mdogo wangu.

Hii wiki ya 6, kilo 32. Ngazi mbili anapanda, ya tatu anaifikiria kwanza. Habari za sindano ya mwisho sizisikii tena, na jana nimemfuma mshua jikoni anampimia Simba ugali kwa bakuli.