Makande ya Upare

Makande ni chakula cha mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Huliwa sehemu nyingi za Tanzania, lakini hutajwa hasa kuwa chakula cha Wapare, wenyeji wa Milima ya Pare katika wilaya za Same na Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro. Kwingine huitwa pure, na nchini Kenya chakula cha namna hiyo huitwa githeri.

Asili

Mahindi na maharage yote yana asili ya Amerika; yalifika Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Mtama na kunde ni mazao ya zamani zaidi, na kunde bado hutumika badala ya maharage. Wapare humwagilia mashamba kwa ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito vya milimani.

Mapishi

Mahindi makavu hutwangwa kwenye kinu ili kuondoa maganda, au hupikwa bila kukobolewa. Hulowekwa pamoja na maharage usiku kucha, kisha huchemshwa kwa saa kadhaa. Chumvi, kitunguu na mafuta huongezwa mwishoni. Watu wa pwani hupenda kutia tui la nazi. Magadi huharakisha kuiva, lakini hupunguza vitamini B1.

Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Kwa hiyo vikiliwa pamoja hukamilishana, jambo muhimu kwa familia isiyopata nyama mara kwa mara.

Makande kwa wageni

Mji wa Same uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha. Basi linaposimama kwa dakika chache, abiria hununua kinachopatikana upesi, kama chipsi. Makande hayawezi kupikwa kwa kuagizwa papo hapo: ama yameshaiva jikoni, ama hayapo. Hivyo msafiri anaweza kupita Upare mara nyingi bila kuyaonja.

Kwa anayelala milimani mambo ni tofauti. Huko Mbaga, katika Pare Kusini, iliyokuwa nyumba ya Jakob Dannholz, mmisionari Mjerumani wa Misheni ya Leipzig aliyeandika kitabu kuhusu Wapare kilichotolewa mwaka 1916, imekuwa nyumba ya wageni. Mahali kama hapo mgeni akitaka makande, yafaa aseme jioni ili yalowekwe kwa ajili ya kesho yake.

Kuni na maji

Mapishi ya saa nyingi hutumia kuni au mkaa mwingi. Misitu ya Upare, kama ule wa Chome wenye kilele cha Shengena (mita 2,462), ndiyo inayotunza vijito vinavyojaza ndiva. Msitu ukikatwa kwa ajili ya kuni, maji ya kumwagilia mahindi hupungua pia. Kuloweka nafaka usiku kucha hufupisha muda wa kupika na kupunguza kuni zinazohitajika.