Kupaka Rangi Uso wa Molekuli: Mfano wa Himoglobini

Katika makala haya tunakusudia kueleza zana moja ya kufundishia ambayo mwanachuo mwenye kompyuta anaweza kuitengeneza mwenyewe, yaani picha ya uso wa molekuli ambayo baadhi ya sehemu zake zimepakwa rangi. Tumechagua molekuli moja tu, himoglobini, na ugonjwa mmoja tu, selimundu. Sababu ya kuchagua hivyo ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kufundisha katika Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya au Uganda: ugonjwa huo umo darasani. Mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kufundisha kemia ya protini, lakini ataulizwa kwa nini mwenzao fulani huumwa viungo na kukosa shule mara kwa mara, na asipokuwa na jibu, jibu litatoka kwingine, pengine kwa wale wasemao kuwa damu ya mtoto huyo ni chafu au kwamba mama yake amelogwa.

Kwanza yatupasa kufahamu uso wa molekuli ni nini, maana neno lenyewe laweza kupotosha. Molekuli haina ngozi. Ni fungu la atomi zilizoshikamana, na baina yao mna mianya. Tuchukue rundo la nazi, kisha tubiringishe chungwa moja juu ya rundo hilo pande zote. Chungwa litagusa migongo ya nazi za nje, lakini halitaweza kuzama katika mianya myembamba iliyo kati ya nazi na nazi. Tukifunika rundo kwa kitambaa kinachofuata kila mahali chungwa lilipofika, na kuziba pale liliposhindwa kuingia, tutakuwa tumepata uso. Kompyuta hufanya hivyo hivyo kwa hesabu, na chungwa lake ni tufe lenye ukubwa wa molekuli ya maji. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na B. Lee na F. M. Richards mwaka 1971. Kwa hiyo uso tunaouona ni mpaka ambao maji yanaweza kuufikia, na jambo hili litatufaa hapo mbele.

Sasa tuje kwenye himoglobini. Molekuli yake moja ina minyororo minne: miwili iitwayo alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili iitwayo beta, yenye asidi amino 146 kila mmoja. Jumla ni 574. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu hutofautiana na ya kawaida mahali pamoja tu katika mnyororo wa beta, yaani nafasi ya 6. Mahali pa asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji hasi na hupatana na maji, pamekaa valini, ambayo tabia yake ni kama ya mafuta: huyakwepa maji. Minyororo ya beta ikiwa miwili, tofauti ni asidi amino 2 kati ya 574. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kumfanya mwanafunzi aone udogo wa tofauti hiyo kama picha inavyoweza: tufe kubwa la kijivu lenye mabaka mawili madogo.

Picha hiyo hutengenezwa hivi. Programu kama Jmol au ChimeraX mwalimu anaweza kuzitumia bila malipo. Maumbo ya protini yamehifadhiwa katika hazina ya kimataifa iitwayo Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971, na faili la himoglobini ya selimundu lina alama 2HBS. Ndani yake mna molekuli mbili, minyororo ikiwa imepewa herufi A hadi H. Tufiche E hadi H, ibaki molekuli moja. Kisha tuagize uso uchorwe, na wote upakwe kijivu.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kudhani kwamba watapewa brashi ya kupaka kama mtu apakaye ukuta. Sivyo. Kila nukta ya uso ina atomi iliyo chini yake, ambayo ndiyo mwenye nukta hiyo. Tunachochagua ni atomi, nao uso hufuata. Kwa hiyo tunaitaja sehemu kwa mnyororo na kwa nafasi: mnyororo B nafasi ya 6, na mnyororo D nafasi ya 6; halafu tunaagiza rangi iende kwenye uso peke yake. Mtu akitaja nafasi ya 6 bila kutaja mnyororo, kompyuta itamtii kikamilifu na kupaka mabaka manne, mawili yakiwa kwenye alfa, ambako hakuna kasoro yoyote. Picha itapendeza, nayo itakuwa ya uongo. Aidha, mtu anaweza kuchagua asidi amino iliyozama ndani ya molekuli, akaagiza rangi, na asione chochote. Amri haikushindwa, ni kwamba atomi hizo hazina sehemu yoyote usoni.

Jambo linalohitaji busara zaidi ni uchaguzi wa rangi. Mkono wa mwanafunzi wa ualimu huenda moja kwa moja kwenye nyekundu, kwa kuwa somo ni damu. Twashauri asifanye hivyo. Mwaka 1865 mkemia Mjerumani A. W. Hofmann alionyesha mjini London mifano ya molekuli iliyoundwa kwa mipira ya mchezo wa kroketi: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni ya buluu. Desturi hiyo imedumu mpaka leo, na ndiyo maana mwanafunzi akiona nyekundu huenda akadhani ni oksijeni. Tena iko desturi nyingine, ya kupaka uso kwa kufuata chaji, ambamo nyekundu ni chaji hasi na buluu ni chaji chanya. Kwa desturi hii, baka jekundu juu ya valini lingesema kinyume kabisa cha ukweli, maana chaji hasi ndiyo hasa iliyopotea. Na mtoto asiyejua desturi zote mbili ataona kidonda. Manjano iliyokoza juu ya kijivu haina kesi hiyo, nayo huonekana vizuri hata na wale wavulana wachache wasiopambanua nyekundu na kijani.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, himoglobini si nyekundu kweli? Swali hilo lisipuuzwe. Damu ni nyekundu kwa sababu ya himu, kile kijenzi chenye chuma kilicho katika kila mnyororo, ambacho hunyonya sehemu ya mwanga. Lakini hiyo ni rangi ya molekuli nyingi mno kwa pamoja. Molekuli moja ina upana wa nanomita kama 6, ilhali wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa nanomita kama 700. Hakuna jicho wala hadubini ya mwanga itakayoona baka juu yake. Rangi za kwenye kompyuta ni alama tu, kama rangi za nchi katika ramani.

Baka likishaonekana, maelezo ya ugonjwa huwa mepesi. Valini imekaa usoni, mahali ambapo maji hufika, nayo huyakwepa maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, baka hilo hupata kijishimo cha kujibanza katika mnyororo wa beta wa molekuli jirani. Molekuli hushikana moja baada ya nyingine zikawa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huivuta seli nyekundu mpaka ipinde kama mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo, ndipo maumivu. Mtoto huzaliwa hivyo kwa kurithi kwa baba na kwa mama pia, wala haambukizwi na mwenzake wa dawati.

Penye shule isiyo na umeme, viazi mviringo kumi na vijiti vya kuunganishia vyatosha. Kila kiazi kipakwe chokaa, kisha kitiwe baka moja la manjano na kitobolewe tundu moja upande wa pili, na wanafunzi waviunganishe baka kwa tundu mpaka uzi utokee. Kando yake uandikwe ufunguo wa rangi, hata kama rangi ni moja. Baadaye mwalimu alete viazi vingine vyenye baka la buluu na kuliuliza darasa ni kitu gani kimebadilika katika ugonjwa.