Nyota wa Hollywood Vitani (2): Askari Aliyekataa Bunduki

Katika sehemu ya kwanza tuliwazungumzia wanajeshi wawili wa anga. James Stewart alishiriki safari 20 za kupiga mabomu akitokea Uingereza. Clark Gable alijiunga na jeshi Agosti 1942, miezi michache baada ya mkewe, Carole Lombard, kufa katika ajali ya ndege akirejea kutoka kuuza hati fungani za vita. Wote wawili, Wamarekani waliwashangilia. Leo ni zamu ya waliyemzomea.

Lew Ayres alipata jina mwaka 1930, akiwa na miaka 21 tu, kwa filamu ya All Quiet on the Western Front. Aliigiza kijana wa Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Humo mna tukio zito: kijana huyo, akiwa amejificha shimoni, anamchoma kisu askari wa Kifaransa aliyemwangukia, kisha anakwama naye humo usiku kucha. Anamnywesha maji, anambembeleza asife, na anapokata roho anaiomba maiti msamaha. Kuanzia 1938 kampuni ya MGM ikamvalisha koti jeupe la mhusika Daktari Kildare, na watazamaji wakampenda zaidi.

Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani. Ayres aliitwa jeshini, akasema imani yake haimruhusu kuua. Sheria ya mwaka 1940 iliwapa watu wa aina hiyo njia mbili: kutumikia jeshini bila kushika silaha, au kufanya kazi za kiraia makambini. Yeye aliomba utabibu wa vitani, kwani alishawahi kufundisha huduma ya kwanza. Jeshi likamjibu kwamba halimwahidi askari yeyote kikosi atakachopangiwa. Basi Machi 1942 akapelekwa kambini, katika misitu ya Oregon.

Habari zilipotoka, watu walikuja juu. Baadhi ya majumba ya sinema yaligoma kuonyesha filamu zake, na magazeti yakamshambulia. Lakini baada ya miezi michache jeshi lilimkubali katika idara ya tiba. Akavuka Pasifiki, akahudumia majeruhi New Guinea na Ufilipino, akiwa hana hata bastola, huku mshahara wake wa jeshi akiutoa kwa Msalaba Mwekundu.

Sasa mlinganishe na nyota mwenzake, John Wayne. Yeye aliahirishiwa wito wa jeshi kwa kuwa alikuwa na watoto wanne wa kulea, na sheria iliruhusu. Wakati wa vita aliendelea kuigiza Hollywood, akavaa sare mbele ya kamera, na taifa likamwona ndiye mfano wa askari. Aliyeitwa mwoga ndiye aliyefika kwenye uwanja wa mapambano.

Vita vilipokwisha, Ayres alirudi kwenye uigizaji, na filamu ya Johnny Belinda ya 1948 ikamfikisha kwenye orodha ya wawania Oscar. Hasira za umma zilikuwa zimepoa. Muungwana ni vitendo, na kwa kipimo hicho waliomzomea Ayres mwaka 1942 walimhukumu kabla ya kuviona vyake.

Wiki ijayo: Hedy Lamarr, mwigizaji aliyepata hataza ya mawasiliano ya kuongozea topido.