Treni ya Zamani Kwenye Reli ya Leo

Kichwa cha treni ya kuchezea cha miaka ya 1950 kikigoma kwenye reli mpya, wengi hukimbilia kufungua mota. Mimi nashauri uanze na gurudumu.

Chukua mfano wa treni kubwa: karibu na mashamba ya mpunga ya Chekereni, Tanzania, inapita reli ya Kahe kwenda Moshi. Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, na baada ya ukarabati treni ya abiria ilirudi Desemba 2019. Behewa kuukuu lililotunzwa bado linapita hapo kwa sababu upana haukubadilika: milimita 1,000. Lipeleke kwenye reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye milimita 1,435, halitakwenda hata hatua moja.

Treni ndogo zina mtego wa aina nyingine. Upana ni ule ule, milimita 16.5, kwa treni za kuchezea za zamani za Hornby Dublo na kwa reli inayouzwa leo. Kilichobadilika ni kimo cha reli. Baadhi ya reli za sasa zina kimo cha milimita 1.9 tu ili zifanane na za kweli, na magurudumu ya zamani yana ukingo mrefu unaoshuka upande wa ndani. Ukingo huo hugonga vishikizo vya plastiki vinavyobana reli kwenye mataruma. Sukuma behewa taratibu kwa kidole, utasikia tk-tk-tk, taruma kwa taruma.

Penye makutano mambo huwa magumu zaidi. Kahe ilipata makutano yake mwaka 1916, Waingereza walipoleta reli ya kijeshi kutoka Voi, na kanuni ya pale ndiyo ya mezani kwako: gurudumu linavuka pengo la reli kwa sababu mwenzake wa upande wa pili ameshikwa na reli ya ulinzi. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili isipokuwa sahihi, ulinzi huo hausaidii. Pima kwa kalipa. Reli za leo za kipimo hiki zinataka takribani milimita 14.5, seti nyingi za magurudumu ya zamani ni finyu kuliko hapo, ndiyo maana hupanda juu ya reli na kuanguka.

Kuna mafundi watakaokwambia ukereze ukingo upungue. Sikubaliani nao. Chuma kilichoondolewa hakirudi, na gurudumu la asili ndilo linaloonyesha treni ile ilitengenezwaje. Nunua reli ya kimo cha milimita 2.54, magurudumu mengi ya zamani hupita juu yake bila kugusa kitu. Hornby Dublo za reli tatu ni suala jingine: magurudumu yake ya kushoto na kulia yameunganishwa kwa chuma, kwa hiyo kwenye reli mbili zenye umeme utapata shoti papo hapo. Hizo ziachie reli zake.

Wanaotaka mfumo wa kuongoza treni kidijitali wawe waangalifu pia. Kwenye mota nyingi za zamani brashi moja imeungana na fremu. Ukifunga dikoda, yaani kifaa kinachopokea amri za mfumo huo, bila kuitenga brashi hiyo, dikoda inaweza kuungua.

Kabla ya kuwasha umeme, pitisha behewa moja kwa mkono kwenye kila makutano, kwenda na kurudi. Likikwama, pima tena magurudumu yake.