Cheti, Kikombe na Medali

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu asome polepole. Wanafunzi wafuate kwa kidole.



Leo tutasoma karatasi. Si barua, wala si gazeti. Ni ile karatasi nene ambayo kijana huja nayo kutoka shuleni au chuoni, yenye mapambo pembeni na muhuri chini. Mama huipokea kwa mikono miwili. Majirani huitwa waione. Kisha hutundikwa ukutani, na kazi yake imekwisha. Ni watu wachache wanaoisoma mpaka mstari wa mwisho.

Lakini karatasi hizo hazifanani. Moja yaweza kumwonyesha kijana njia ya kusoma chuo kikuu bila kulipa ada. Nyingine ni heshima tu, haina fedha nyuma yake. Mzazi asiyejua tofauti hiyo aweza kuuza ng'ombe ili alipe kitu ambacho mwanawe angekipata bure. Au aweza kukaa mwaka mzima akingoja fedha ambazo hakuna mtu aliyeziahidi.

Mwalimu, andika ubaoni: TUZO.

Neno hili mnalijua. Mchezaji hodari wa ngoma hutuzwa: watu humwendea uwanjani na kumpa fedha mbele ya wote. Tuzo ya shule ni jambo hilo hilo. Ni kitu anachopewa mtu hadharani kwa kazi aliyoifanya vizuri. Iko tuzo ya masomo na iko tuzo ya michezo, na kila moja ina kipimo chake.

Tuanze na masomo. Kule Kibaoni, Mpimbwe, iko Kampasi ya Mizengo Pinda, nayo ni tawi la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro. Ni chuo kidogo, tena ni chetu sisi watu wa Katavi. Mwanafunzi wa chuo kama hicho hapimwi kwa maneno ya mwalimu kwamba ni mtoto mzuri. Hupimwa kwa hesabu, na hesabu hiyo hata sisi wa darasa hili twaiweza. Shikeni kalamu.

Katika vyuo vikuu vingi vya nchi yetu alama A ni pointi 5. B yenye alama ya kujumlisha ni pointi 4. B ya kawaida ni 3, C ni 2, na D ni 1. Kila somo lina uzito wake: somo kubwa lina uzito mwingi, somo dogo lina uzito mchache. Pointi huzidishwa kwa uzito, majibu yote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito.

Tuseme kijana ana masomo matatu. La kwanza lina uzito 10, naye amepata pointi 5. Kumi mara tano ni 50. La pili lina uzito 10, amepata pointi 4. Hiyo ni 40. La tatu ni dogo, uzito 5, naye amepata pointi 3. Hiyo ni 15. Jumlisheni: 50, na 40, na 15, ni 105. Uzito wote ni 25. Gawanyeni 105 kwa 25. Mtapata 4.2.

Huo ndio wastani wake, na wanafunzi wenyewe huuita kwa herufi tatu, GPA. Mwenye 4.4 mpaka 5 hupata shahada ya daraja la kwanza. Mwenye 3.5 mpaka 4.3 hupata daraja la pili la juu. Kwa hiyo kijana wetu amekosa daraja la kwanza kwa sehemu ndogo sana. Sasa rudini kwenye lile somo dogo. Kama angalipata pointi 5 badala ya 3, jumla ingalikuwa 115, na wastani 4.6. Angalikuwa daraja la kwanza. Somo alilolidharau kwa kuwa ni dogo ndilo lililomshusha. Mwambieni hivyo akija likizo, maana vijana wengi hulijua jambo hili wakiwa wamechelewa.

Tuzo ya mwanafunzi bora hutolewa kwa kutazama hesabu hiyo. Wakati mwingine ni ya mwaka mzima, wakati mwingine ni ya somo moja tu, kwa mfano aliyeshinda wenzake wote katika hesabu, au msichana aliyefanya vizuri zaidi katika sayansi. Mara nyingi mtoaji ni chuo chenyewe. Mara nyingine ni kampuni, au benki, au mtu aliyesoma hapo zamani.

Hapa liko swali ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona: je, kuwa wa kwanza katika chuo kidogo ni kitu? Wa kwanza kati ya watu 12 aweza kulinganishwa na wa kwanza kati ya watu 400? Kwa maoni yangu, cheti cho chote cha mshindi kingefaa kuandikwa na idadi ya walioshindana. Ingekuwa haki kwa wote. Lakini msidharau udogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo ni kikubwa sana, kilifungua mlango wake mwezi wa Oktoba mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria, katika jengo la chama cha TANU lililokuwa mtaa unaoitwa leo Lumumba. Aliyekuwa wa kwanza kati ya hao 13 alikuwa wa kwanza kweli kweli. Alama A ya Kibaoni na alama A ya Morogoro zina pointi 5 zile zile.

Hatari ya chuo kidogo ni nyingine. Watu wanajuana mno. Kama kanuni ya tuzo haikutangazwa mapema, wanafunzi wataona kwamba imekwenda kwa mpwa wa fulani, na tangu siku hiyo hakuna atakayeitaka. Kwa hiyo kanuni yafaa ibandikwe ukutani tangu mwanzo wa mwaka, kila mtu aisome.

Sasa twende uwanjani. Shule za msingi zina mashindano yaitwayo UMITASHUMTA. Za sekondari zina UMISSETA. Mtoto huanza katika shule yake, huenda kata, wilaya, mkoa, na wakichaguliwa walio bora wa mkoa huenda kushindana na mikoa yote ya nchi. Mwaka 2022 mashindano hayo ya taifa yalifanyika Tabora. Ninyi mnaijua njia hiyo, ni ya treni yetu inayopita Kaliua. Kwa mtoto ambaye hajapata kuvuka mpaka wa mkoa, safari hiyo yenyewe ni tuzo.

Huko hutolewa vikombe, ambavyo wengine huviita makombe, na medali, na vyeti. Tofauti yake ni hii. Kikombe ni cha timu, hukaa shuleni au mkoani. Tena viko vikombe vya kupokezana, ambavyo mshindi hukaa navyo mwaka mmoja, kisha huvirudisha. Medali ni ya mchezaji mwenyewe, huvaa shingoni na kwenda nayo nyumbani: ya dhahabu kwa wa kwanza, ya fedha kwa wa pili, ya shaba kwa wa tatu. Msiipeleke kwa sonara. Majina hayo ni ya rangi, si ya madini yaliyomo. Cheti nacho ni cha mtu mmoja, na ndicho chenye maneno.

Je, mbio zaweza kumsomesha mtu? Zaweza. Mtanzania mmoja, Suleiman Nyambui, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Katika vyuo vya Marekani iko desturi ya kumlipia ada na malazi kijana hodari wa michezo. Lakini hapewi ili akimbie tu. Lazima aingie darasani na afaulu masomo. Akishindwa masomo huzuiwa hata kukimbia. Nyambui alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, tangu 1979 mpaka 1982. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1980, alikwenda Moscow akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000. Mwaka ule ule na mahali pale pale Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka kumalizika kwa Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki ila hizo mbili.

Kwetu desturi ya chuo kumlipia mtu kwa ajili ya miguu yake haijaenea. Medali ya UMISSETA haiongezi alama katika mtihani wa kidato cha nne. Basi, baba, binti yako akileta cheti cha netiboli, usimwambie amepoteza wakati, wala usimwambie kwamba sasa amepata kazi. Muulize yote mawili: nafasi yake uwanjani, na alama zake darasani.

Tufike kwenye fedha, maana hapo ndipo watu huumia. Ada ya shule za sekondari za serikali imefutwa: mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa ada huanza mtoto akienda chuoni. Na hapo yako maneno mawili msiyachanganye.

Mwalimu, andika: MKOPO. Chini yake andika: UFADHILI.

Mkopo hutoka katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ni deni. Kijana akipata kazi atakatwa mshahara mpaka liishe. Ufadhili haurudishwi. Mmoja ulioanza mwaka 2022 huitwa Samia Skolashipu, kwa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Hupewa wale waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita, wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi au tiba. Hiyo ndiyo tuzo ya masomo yenye mlango nyuma yake. Basi mtoto anayependa sayansi huko Usevya au Karema aijue tangu kidato cha tano, asiisikie baada ya matokeo.

Na jihadharini. Akija mtu, au ikija simu, ikisema, "Mwanao ameshinda ufadhili, tuma fedha kidogo za usajili," msitume. Ni kweli kwamba maombi ya mkopo yana ada yake, lakini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Haiingii katika simu ya mtu. Nendeni kwanza kwa mkuu wa shule mkamwulize.

Sasa tuisome karatasi yenyewe. Mstari wa kwanza ni jina la aliyeitoa. Tazama: ni shule, ni wilaya, au ni taifa? Kama cheti ni cha kabla ya mwaka 2012, kitasema Mkoa wa Rukwa. Si kosa. Mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa.

Mstari wa pili ni jina la mtoto. Hapa someni herufi moja moja. Salome aliyeandikwa Saromi ni mtu mwingine mbele ya karani. Jina la cheti lilingane na jina la cheti cha kuzaliwa, na la kidato cha nne. Likiwa na kosa, rudisheni mapema, siku zile zile, wakati mwalimu aliyekiandika angali yupo.

Kisha sababu: amepewa kwa lipi? "Kushiriki" maana yake alikuwapo. "Kushinda" maana yake aliwapita wengine. Maneno hayo mawili hukaa mahali pamoja kwenye karatasi, na mtu asomaye haraka huona mapambo tu. Mwisho ni tarehe, sahihi na muhuri. Karatasi isiyo na hivyo ni picha ya ukutani.

Kabla ya kuitundika, pigeni nakala. Ile halisi iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na moshi wa jiko na mchwa.

Kazi ya darasa. Mwalimu aandike ubaoni maneno haya:

CHETI. Mashindano ya Michezo ya Shule za Sekondari, ngazi ya Mkoa, Katavi. Kinatolewa kwa ………… kwa kushika nafasi ya pili, mbio za mita 800, wasichana.

Kila mtu asome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kisha mjibu. Nani ametoa cheti hiki? Alishiriki au alishinda? Medali yake ilikuwa ya rangi gani? Ni vitu gani vitatu vinavyokosekana chini yake? Na mama yake akiuliza kama kitamlipia ada ya chuo, mtamjibu nini?