Tarehe Moja Yaweza Kuokoa Wengi

Mgonjwa wa Arusha au wa vijiji vya Mlima Meru akitokwa na malengelenge baada ya kutumia kotrimoksazoli, taarifa yake hutakiwa kufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha VigiBase, hifadhidata ya dunia inayotunzwa Uppsala, Uswidi. Humo kompyuta huchambua mamilioni ya taarifa kutafuta madhara yanayojirudia. Hata hivyo, haiwezi kusoma kisichoandikwa. Tarehe huonyesha iwapo dawa ilitangulia dhara. Namba ya toleo husaidia kutofautisha kasoro ya kundi moja la dawa na tabia ya dawa yenyewe. Mhudumu, jaza fomu ya njano kikamilifu. Mgonjwa, rudi kituoni upesi, na uje na pakiti yako.