Chuma Chini ya Mti wa Kaiija

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimo katika ukanda wa Maziwa Makuu ambako chuma kilianza kufuliwa zamani sana. Ushahidi uliochunguzwa kwa makini zaidi mkoani Kagera ulitoka kaskazini mwa wilaya hizo, huko Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba chini ya mti wa Kaiija, yaani mahali pa uhunzi, mtawala Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, kutoka Marekani, aliwasikiliza, akachimba hapo mwaka 1970.

Masimulizi hayo yalistahili heshima aliyoyapa. Udongo ulitoa mavi ya chuma, makaa na vigae vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo Siaya, Kenya. Vyungu vya aina hiyo vina michoro iliyokwaruzwa kabla ya kuchomwa, na baadhi vina kibonyeo kitakoni, kama kilichobonyezwa kwa kidole gumba. Vipimo vya kaboni kwenye makaa vilionyesha umri unaozidi miaka 2,000. Vigae vya Urewe vimepatikana pia Rwanda na Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Ngara.